Mahari ya Ng'ombe wa Kuazima

Kaa karibu, mwanangu, na ninyi mliosimama mlangoni ingieni, maana neno hili sitaki kulisema mara mbili. Nakumbuka siku moja tulipanda kutoka kwetu Kashebere, msituni, kwenda Kirolirwe kumtolea rafiki yangu mahari, na mpaka leo nikiikumbuka damu yangu huchemka.

Rafiki huyo aliitwa Bauma. Alimpenda Furaha, binti wa wafugaji wa Kirolirwe, tangu alipokuwa akipita kule akiuza mafuta ya mawese. Baba yake Furaha akamwambia kwamba kwao mahari ni ng'ombe. Basi Bauma akaenda kwenye machimbo ya madini ya Bisie, enzi zile watu wangali wanachimba kwa nyundo na patasi na kubeba mawe mgongoni kupita msituni. Alirudi amekonda, na jasho lake lote akalinunulia kundi dogo la mbuzi, maana halikufika bei ya ng'ombe. Mbuzi wazuri, mwanangu, na wake mwenyewe.

Hapo wakaingia marafiki. Mkubwa wao, Deo, hodari wa maneno na mvivu wa jembe, alimcheka mbele yetu sote.

"Muntu ya Bisie analeta mbuzi? Batatucheka mpaka Sake! Patron, muntu ya mali, anaoa na ng'ombe, kaka."

"Lakini mimi siko patron," Bauma akajibu.

"Utakuwa. Muntu iko vile batu banamuona."

Lisikilize vizuri neno hilo la Deo, maana ndilo sumu yenyewe. Alikuwa amempata mchungaji mmoja huko Kirolirwe, anayelisha ng'ombe wa watu, akampa redio ya Bauma ili awaazime ng'ombe kwa asubuhi moja tu. Nikauliza, je, familia ikitaka kubaki nao?

"Usiku muchungaji atazirudisha, na tutasema bezi bamezichukua," Deo akanijibu. "Masisi hii kila siku ng'ombe zinaibiwa, nani atauliza? Ao uko na wivu?"

Wote wakacheka, nami nikaacha kuuliza. Na mbuzi je? Deo na wenzake waliwachinja wakala, wakisema patron hawezi kuonekana na mbuzi. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Bauma aliuacha mbachao wake uliwe akitazama.

Tulipofika, wazee walikuwa wameketi kwenye mabenchi, mimi nimebeba kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ng'ombe wakaletwa, wameoshwa wakang'aa. Ndipo akainuka koko wa Furaha, mama wa baba yake, mzee sana. Akawasogelea polepole na fimbo yake, akaita, "Bihogo!"

Ng'ombe mmoja mwekundu akainua kichwa, akawaacha wenzake, akaja kuingiza pua katika kitenge cha yule mama akitafuta chumvi.

"Mukwe," koko akasema, "umetuletea ng'ombe yetu?"

Alikuwa ng'ombe wa baba mdogo wake Furaha, aliyekabidhiwa kwa mchungaji yuleyule! Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu. Ona upumbavu wetu, watu wa msitu. Kwetu mwindaji huijua kengele ya mbwa wake hata ikilia mbali porini. Kwa nini tulidhani wafugaji hawawajui ng'ombe wao?

Bauma alipiga magoti. Lakini koko hakucheka, wala hakumkemea yeye peke yake. Alimnyooshea fimbo mwanawe mwenyewe, baba yake Furaha.

"Wewe njo ulianza. Ng'ombe, ng'ombe, sawa vile mutoto wako iko kitu ya soko!" Kisha akatugeukia sisi. "Na ninyi marafiki, mbuzi zake ziko wapi? Furaha alilia hapa mpaka baba yake akakubali mbuzi. Leo tulikuwa tunangojea mbuzi!"

Deo alitazama majani.

Furaha akatoka nje, macho makavu. "Bauma, mimi nilingojea muntu ya mbuzi. Huyu ya ng'ombe simujui." Akarudi ndani, na ndoa ikafia pale uani.

Tukiteremka, nani alikuwa wa kwanza kuigiza sauti ya koko akiita ng'ombe? Deo! Yeye aliyemvika rafiki yake uongo ndiye aliyemcheka alipobaki uchi. Bauma alitembea mbele peke yake, hakugeuka hata mara moja.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Na kinachonikasirisha zaidi ni kwamba akina Deo hawajaisha. Wamejaa kwenye simu zenu. Wanawafundisha kupiga picha mmeegemea gari la tajiri, kisha mnashangaa mapenzi hayadumu. Sisemi mali ni mbaya, mwanangu. Mali hulisha upendo, lakini haiuzai. Mtu akipenda sura uliyoiazima, siku utakapoirudisha kwa mwenyewe ataondoka nayo. Na rafiki anayeona aibu kwa mbuzi wako, mwogope kuliko mwizi, kwa sababu mwizi huja bila kukaribishwa.

Najua uko na mtu moyoni, na najua unaogopa kwamba ulicho nacho ni kidogo. Si kidogo, kama ni chako. Mungu akubariki, aipe mikono yako kazi na nyumba yako kicheko, akuzungushie watu wasemao kweli.

Jumapili hii, ukitoka kanisani, nenda kwa wazazi wa binti yule na viatu vyako vya kila siku. Waambie kazi unayofanya na kile ulicho nacho. Usiongeze kitu.