Giaboksi Isiyovunjika

Mtaa mzima ulimwita Dokta, na si kwa kejeli. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mfupi, suruali ya kazi imepauka magotini, na ujuzi wake mmoja tu: giaboksi. Injini ukimpelekea anakurudisha nayo. Rangi ndiyo kabisa, usimtanie. Lakini gari likigoma kuingia gia, hata mafundi waliomsengenya vijiweni walilisukuma wenyewe mpaka mlangoni kwake, wakijifanya wanapita tu. Aliwasema weee, kisha akawatengenezea.

Sasa Dokta huyu alikuwa na mdogo wake wa kiume, na huyo ndiye aliyemkosesha raha. Mama yao alipofariki mtoto alikuwa na miaka tisa. Dokta akamlea, akamsomesha, akamfundisha na kuendesha gari. "Hapo kwenye kuendesha ndipo nilipojitia kitanzi," alizoea kusema, maana mtoto aliposhika usukani hakuuachia tena. Wenzake wakampa jina la Risasi. Akanunua gari dogo la milango miwili, akalifungia tabo ya kuisukumia injini hewa, akabadili bomba la moshi, akabadili kila kitu cha kuongeza mbio, na hakugusa hata kimoja cha kuzipunguza. Breki zilibaki zile zile za kiwandani, za gari la kwendea sokoni.

Giaboksi ya kiwandani haikuiweza nguvu hiyo. Ndani ya mwaka mmoja ilivunjika mara tatu, na mara zote ni gia ya tatu: meno yanakatika, injini inavuma lakini gari haliendi, Risasi anapiga simu, dada mtu anakwenda na kamba. Wenzake wakamcheka mpaka mbavu zikawauma.

Jumatatu moja asubuhi Risasi aliingia gereji na mfuko wa plastiki, akaumimina juu ya benchi la kazi. Zikatoka gia tatu zenye meno yaliyokatika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hizo si nilizitupa?"

"Niliziokota. Nimempelekea fundi wa ng'ambo ya barabara azitazame."

Dokta aliendelea kujifuta grisi mikononi. Fundi huyo Dokta alimfahamu vizuri. Domo kubwa, ila macho anayo.

"Kasemaje?"

"Kasema zilikuwa zimeshalika kabla ya kufungwa. Aliyezifunga ama haoni, ama kazi haijui." Risasi aliyasema hayo polepole, akitazama sakafu. "Nimekutetea mpaka mate yamenikauka. Lakini mimi nataka giaboksi ya nguvu. Nichagulie leo, au nimwachie yeye anichagulie."

Nyuma ya mlango zilikuwapo giaboksi mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye pikapu: nzito, meno mapana, gia fupi fupi za kupandisha mawe mlimani. Ukiifunga hiyo haivunjiki, ila gari litapiga kelele nyingi na kwenda polepole. Dokta aliitamani kweli, siwezi kumfichia. Ya pili ilitoka kwenye gari kubwa la silinda sita: shafti nene, gia ndefu, na bamba moja tu la kuchonga ili ikubaliane na injini ya Risasi. Hiyo ingezibeba nguvu zote alizonazo na nyingine atakazoongeza. Aliipata tangu mwaka jana, akaifunika gunia.

Angeweza kujitetea kwamba macho yamechoka, akamfungia ile ya pikapu, mambo yakaisha. Lakini kuambiwa kazi haijui, na mtoto aliyemlea mwenyewe, kulimchoma. Na kilichomtisha zaidi ni fundi wa ng'ambo. Yule angefunga chuma cha nguvu juu ya breki za kwendea sokoni, kisha akapokea pongezi.

"Macho yangu mazima," akasema. "Nilizichagua makusudi. Tangu uliponiletea gari nilikague baada ya tabo, kila mara nilitafuta gia ya tatu iliyochoka kuliko zote, nikakufungia hiyo."

Risasi alimtazama kana kwamba hakusikia.

"Kwa nini?"

"Ikikatika, gari linapoteza mwendo, unajisogeza pembeni. Breki zako zikishindwa huko kwenye mbio, hakuna pembeni. Nilikuonya, ukanicheka. Nikaona chuma kikuonye. Na nilikosea. Jino likikatika linaweza kuingia kati ya gia, magurudumu yakakwama, gari likakupindua. Nilijua. Kila simu yako ikilia nashika kamba kabla sijaipokea."

Risasi aliketi juu ya tairi kuukuu. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira.

"Mara tatu, dada. Mara tatu umenifanya kichekesho cha mji."

"Mara tatu nimekuvuta kwa kamba," Dokta akasema, "na mara tatu umefika nyumbani."

Risasi akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akalivua gunia.

"Ni hii?"

"Ndiyo hiyo. Lakini inafungwa mwisho. Kwanza breki zote nne, halafu ekseli za nyuma, maana nguvu isipovunja giaboksi itatafuta kingine cha kuvunja."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu. Na funguo za gari nakaa nazo mimi."

Risasi akazitoa mfukoni, akazitia mkononi mwa dada yake. Kwa wiki tatu alikuja kila jioni akitoka kazini, akalala chini ya gari pamoja naye, wakabishana juu ya kila boliti. Wakacheka pia, maana hasira za ndugu wa kulelewa na dada hazidumu.

Siku ya kumkabidhi funguo Dokta hakumpa mawaidha. Aliyamaliza yote chini ya gari. Alisimama getini, akamtazama akiingia barabara ndefu inayokwenda mpaka kona kali ya tangi la maji.

Masikio yake yalifanya kazi yaliyoizoea. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikaingia laini, ikashika, ikavuta, haikukatika. Ya nne. Gari lilikwisha kuwa mbali, na Dokta alilishikilia geti, kwa sababu sasa hapakuwa na kitu chochote cha kumsimamisha yule mtoto isipokuwa yule mtoto mwenyewe.

Ndipo akausikia mlio ambao gari lile halijawahi kuutoa tangu lifungwe tabo: nne ikirudi tatu, tatu ikirudi mbili, taratibu, kabla ya kona.

Dokta akaketi pale pale getini, akalia.