Sumari wa Idara ya Moto

Hapa Arusha, Lemara nzima tunajua kuwa hakuna anayechoma ndafu kama Sumari. Mbuzi wake anatoka motoni mzima, amepiga magoti, na unamsikia harufu kabla hujaona ukumbi. Tunajua pia kwamba zamani alikuwa anaharibu kila kitu kingine. Alipamba mwenyewe, akamwingiza mbuzi ukumbini akicheza, halafu akashika maiki kuwaeleza wageni mbuzi huyo alikulia wapi. Na akicheza, utadhani kakanyaga siafu.

Kisha akaenda semina ya ujasiriamali. Mtaalamu mmoja wa suti inayobana akawaambia: fanya unachokiweza, mengine waachie wenzako. Sumari akarudi kama aliyeokoka. Akamwajiri Brian, kijana aliyehamia juzi kutoka Dar, apambe na kucheza. Yeye akajipa cheo: Idara ya Moto. Ukimwuliza visu viko wapi, anajibu, "Hiyo siyo idara yangu."

Tuseme ukweli, nyama ilizidi kuwa tamu. Sifa zikamfikia Mzee Aminieli, mfanyabiashara wa vipuri, Mchaga wa Machame. Mwanawe Lucky alikuwa anaoa, ukumbi uko Sokon One.

"Ndafu hii ni ya wakwe," mzee akamwambia. "Ikipendeza, harusi za wanangu watatu waliobaki ni zako. Ukiniaibisha, rudi kwenu Meru ukapalilie migomba."

Siku yenyewe mbuzi aliiva hadi mapaparazi wa simu wakajaa jikoni. Brian akaona mdomo wa mbuzi uko wazi, haupendezi. Akaenda kwenye uzio, akachuma jani moja refu la kijani, akamng'atisha.

Lilikuwa isale. Kwa Wachaga na Wameru, jani hilo lina ujumbe mmoja tu: nimekosa, nisamehe. Na aliyeletewa isale haruhusiwi kukataa. Brian angejulia wapi? Lakini Sumari ni Mmeru, kwao isale limeota hadi mlangoni. Na aliliona.

"Sasa mbona ulinyamaza?" nilimwuliza baadaye.

"Mapambo ni ya Brian, kaka."

Brian akaingia na mbuzi kwa mbwembwe zote. Vigelegele vikaanza, vikafia njiani. Pudensiana, shangazi wa bibi harusi Nice, akasimama.

"Hebu ngojeni! Baba Lucky, mnatuomba msamaha wa nini?"

Mzee Aminieli akamwangalia mbuzi. Akaagiza Sumari aitwe.

"Wewe, hii ni nini?"

"Shikamoo, mzee. Imeiva vizuri hadi ndani."

"Nimekuuliza kuiva?"

Mlinzi wa mlangoni alishaanza kukunja mikono ya shati. Ndipo Lucky, jasho linamtiririka hadi kwenye tai, akatoka meza kuu na kupiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, jani limeshanisemea. Nice ni mjamzito. Tulikosa, tusamehe."

Nice akajifunika shela. Mchungaji aliyewafungisha ndoa mchana ule akakumbuka kuwa ana kiu sana. Mama mkwe akamtazama Lucky, akamtazama mbuzi, akalitazama isale. Afanyeje, na limeshafika? Akalichomoa mdomoni mwa mbuzi taratibu.

"Tumewasamehe. Haya, kateni nyama kabla haijapoa."

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mzee Aminieli akaamini kabisa kwamba mambo yale yalipangwa na kichwa kikubwa. Akamshika Brian bega.

"Kijana, nani alikupa akili ya kuleta isale?"

Brian, ambaye hadi dakika ile alidhani amechuma jani la kawaida, akatabasamu tu. Harusi zote tatu akapewa yeye.

Kuchoma hajui, kwa hiyo kamwajiri Sumari. Jumamosi nimemkuta mzee wa watu anageuza mbuzi, amevaa aproni mpya iliyoandikwa BRIAN NDAFU mgongo mzima.

"Sumari, umeisoma hiyo nguo lakini?"

"Nimeisoma," akasema. "Inazuia cheche."