Wanene Tu Ndio Wapande

Phelix alikuwa dereva hodari, na alijijua, na hilo ndilo lililomharibu. Mwaka ule wa mvua ya El Niño, magari ya watu yalipolala mitaroni kote Konoin, pikapu yake ilipanda na kushuka milima ya Mogogosiek bila mkwaruzo. Mchana alipeleka majani ya chai ya tajiri wake, Kiptanui, kiwandani. Jioni alirudi tupu. Kurudi tupu ndiyo kazi. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma likikosa mzigo, mkia hupepea kwenye tope, na dereva mjinga hukanyaga breki akajikuta anatazama alikotoka.

Wenzake walibeba mawe. Phelix alibeba watu. Mvua ikinyesha alisimama kwenye geti la kiwanda, akawachagua wanawake waliotoka kazini na kuwapanga juu ya ekseli ya nyuma. Hakuwalipisha chochote, mradi wawe wanene.

"Mama Mokeira, panda, wewe ni gunia mbili. Nyatichi, panda. Jerusa, wewe baki. Huku nyuma tunataka nyama, hatutaki mifupa."

Watu walicheka. Jerusa, mjane mwenye mtoto mgongoni, alitembea kilomita saba kwenye mvua. Nafasi haikukosekana, kilichokosekana ni utu. Phelix alipenda tu kuchekesha watu.

Nyumbani hakuwa na wa kumchekesha; binti yao, Atieno, alikuwa kwa nyanya yake, kwao ziwani. Mkewe, Molly, alikuwa amelazwa Kericho miezi mitatu kwa kifua kikuu. Phelix alikwenda kumwona mara moja, mwanzoni. Baadaye ikawa mvua, ikawa majani, ikawa tajiri. Lakini alimpenda, tusimsingizie. Daktari alisema Molly angetoka Jumamosi, na akaonya kwamba kifua kile kisiguswe na baridi. Phelix akanunua blanketi zito, akaziba matundu ya dirisha, akaomba ruhusa ya kwenda kumchukua mwenyewe, akae kiti cha mbele kama mke wa mkubwa.

Alhamisi mvua ilimwagika. Getini wanawake walikuwa wamejifunika nailoni, na Phelix akachagua sita. Wa saba akashika ubao wa nyuma. Mkono ulikuwa kama kijiti, nailoni imeshuka hadi puani. Alikohoa, midomo ikacheza bila sauti.

"Na huyu ametoka wapi? Toa mkono, mama! Upepo ukikuangusha nitaambiwa nimeua mtu."

Wanawake wakacheka, naye akaondoa gari. Kwenye kioo aliuona ule mkono bado umeinuliwa.

Mlima wa daraja aliushuka kwa gia ya pili, mguu mbali na breki. Mkia ulipoteleza kushoto, alipeleka usukani kushoto taratibu, na gari likarudi njiani lenyewe.

"Mmeona dereva?" aliwaambia kwa sauti.

Alipofika kwake, jirani yake Rebeccah alikuwa amesimama mlangoni.

"Molly ako wapi?"

"Si ni Jumamosi?"

"Wamewatoa leo, vitanda vimejaa. Kiptum, yule wa lori, amemleta mpaka geti ya kiwanda, akapita hapa kuniambia. Anasema sauti imeisha kabisa, lakini anatembea. Molly amesema atakungoja wewe."

Phelix hakuuliza Molly alikuwa amejifunika nini. Aligeuza gari, tupu, bila jiwe wala mtu, na kila alichokijua kikamtoka kichwani. Mlimani alikuwa gia ya tatu. Mkia ulipohama alikanyaga breki, kosa lile lile alilowacheka wenzake miaka yote, na pikapu ikazunguka mara mbili na kuingia mtaroni. Akatoka kupitia dirishani, akakimbia.

Aliwakuta njiani. Jerusa alikuwa amemshika Molly kiunoni, na nailoni yake mwenyewe alikuwa amemwongezea mgonjwa. Wote wawili walikuwa chapachapa.

"Baba Atieno," alisema Jerusa, "sisi mifupa tunakuja."

Phelix alimbeba mkewe mgongoni. Alikuwa mwepesi mno, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kikohozi. Alilia, akaomba msamaha, akasema hakumjua. Molly akamwekea midomo sikioni.

"Na kama singekuwa mimi?" aliuliza.

Phelix alikaza mwendo hadi nyumbani. Molly alilala chini ya blanketi jipya siku kumi na moja, kisha akafa.

Siku ya kumpeleka kwao ziwani mvua haikukatika. Jeneza liliwekwa kwenye pikapu, na wanaume wakaona halina uzito wa kutosha, gari litateleza. Wakaomba watu wapande. Jerusa alikuwa wa kwanza. Alikaa juu ya ekseli ya nyuma, mtoto mapajani, akamtazama Phelix kwenye usukani.

"Leo natosha, dereva?"

Phelix akawasha gari.