Geti la Rangi ya Machungwa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uwakili pale Dodoma sikupewa hata kiti. Wakili Mwandamizi, mzee mfupi asiye na haraka, alinisukumia hati nisome. Nikasoma, nikasema iko sawa.

"Binti, nani kakwambia iko sawa?"

"Imegongwa muhuri, mzee."

"Muhuri hata mimi ninao. Hapa karatasi tunainusa kama maziwa yaliyolala."

Nimenusa karatasi hadi nimestaafu. Wanangu wanalalamika kwamba nanusa hata kadi za harusi. Waache waseme.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Magari yalimiminika kutoka nje, na mengine yalivuka mpaka bila wenyewe kujua. Polisi wa nchi jirani wakiomba msaada, wenzao wa kwetu walikimbilia kuwafurahisha. Sasa sikilizeni utaratibu. Ili kumpekua mtu, askari hula kiapo mbele ya hakimu, akieleza sababu za kuamini kwamba mali ya wizi iko kwake. Hakimu akiridhika, ndipo hutoa hati ya upekuzi. Sababu kwanza, kuingia baadaye.

Fundi Ndahani alikuwa na gereji Kizota, akinyoosha bodi na kupaka magari rangi. Polisi walimpekua Jumatano, wakatoka na injini ya lori lililoibwa nchi jirani. Injini hiyo ikikubaliwa mahakamani kuwa kielelezo, fundi angekabidhiwa huko akashtakiwe. Mkewe alinijia akiwa na mimba kubwa.

"Shikamoo, wakili. Wakimvusha mpaka, simwoni tena."

Mama yule nilimhurumia sana. Mumewe sikumwamini hata chembe. Kule rumande macho yalimcheza kama kuku mgeni.

Kiapo cha Mkuu wa Upelelezi kilikuwa na tarehe ya Jumatatu. Kilisema mtoa habari aliiona injini "ndani ya gereji yenye geti la rangi ya machungwa." Nikaenda Kizota kulitazama. Lahaula, geti kweli la machungwa! Nikavunjika moyo. Lakini karibu na bawaba rangi ilikuwa imebanduka. Chini yake kijani, na chini ya kijani bluu.

"Mama, hili geti mnalipaka mara ngapi?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Kila gari, wakili. Mafundi wa hapa wote ndivyo wanavyofanya. Akishachanganya rangi anaipulizia getini kwanza, aone ikikauka inakuwaje. Hii ni ya basi lile pale. Alikuwa ndiyo kwanza ameijaribu Jumatano asubuhi, askari wakaingia."

Nikaweka pingamizi siku hiyohiyo.

Mahakamani, mwenye basi alithibitisha kwamba rangi aliileta mwenyewe Jumatano asubuhi, kopo likiwa halijafunguliwa. Kisha nikamgeukia Mkuu wa Upelelezi, ambaye alikuwa mgeni Dodoma na hakujua mchezo wa mageti ya mafundi wetu.

"Afande, Jumatatu mtoa habari wako aliona geti la rangi gani?"

"La machungwa."

"Rangi iliyokuwa bado kwenye kopo? Au aliyeliona ni wewe, Jumatano, ulipokwenda kupekua?"

Hakimu Mkazi akavua miwani. "Afande, jibu."

"Mheshimiwa... hati ilichelewa kidogo."

Kuchelewa! Waliingia kwa mtu kwanza, wakarudi kutunga sababu na kurudisha tarehe nyuma. Hakimu mwingine aliyewasainia hati hiyo hakuitwa kuulizwa, na mimi nina yangu moyoni. Injini ikakataliwa, ombi la kumkabidhi fundi likafa, akaachiwa.

Sasa nafuga kuku Msalato. Mawakili vijana wakinitembelea huniuliza kama nalala usingizi, huenda nilimwachia mwizi. Nalala! Afande yule angeshinda, kesho angevunja mlango wako, akipata kitu anaandika kiapo, asipopata anaondoka zake bila hata pole. Huyo namwogopa kuliko mwizi wa injini.

Ila siwadanganyi. Nje ya mahakama, mkewe akilia kwa furaha, fundi alinisogelea akashusha sauti.

"Wakili, mbona siku zote hukuniuliza injini niliitoa wapi?"

"Mchukue mkeo mwende nyumbani," nikamwambia, "kabla sijakuuliza."