Mpiga fidla aliyehamia mkono mwingine

Ni wiki ya mwisho ya shule, joto limeanza mapema, na Ilka Szendrődi hawezi kutulia. Katika chumba cha muziki cha shule moja ya msingi pembeni mwa mji wa Makó, Hungaria, anatembea kutoka dirishani hadi kwenye piano, kutoka kwenye piano hadi mlangoni, fidla kaibana kwapani. Watoto wanne wenye fidla ndogo mabegani wanamfuata kwa macho, vichwa vikienda huku na huko kama watu wanaotazama tenisi.

"Bega chini, Borka. Wewe si kobe."

"Nimeshusha, Shangazi," anajibu Borka; ndivyo watoto wa huku wanavyomwita mwalimu wa kike.

"Umeshusha shingo. Bega nililoliomba bado liko huko juu."

Watoto wanacheka. Ilka anasimama mbele yao, anainua fidla na kuwaonyesha mstari mfupi. Mtoto mmoja, aliyehamia shuleni hapa mwezi huu, anabaki mdomo wazi. Upinde wa mwalimu uko mkono wa kushoto. Vidole vinavyokimbia juu ya nyuzi ni vya kulia.

"Shangazi, umeshika kinyume!"

Borka anamjibu kabla mwalimu hajafungua kinywa. "Nyamaza wewe. Shangazi Ilka ni kioo chetu. Ukimtazama unajiona."

Ilka ana miaka arobaini na mitatu. Anafundisha katika shule tatu za mji huu na vijiji vya jirani, na mshahara wake wote ni forinti laki tatu na ushei kwa mwezi. Anasema haoni aibu kuwa mwalimu. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki maisha yake yote. Kinachomnyima usingizi ni Septemba. Mwezi huo atarudi kuketi katika okestra aliyoiacha miaka sita iliyopita, kwa majaribio, na kwa mkono ambao hakuna mwenzake hata mmoja anayeutumia.

"Nikilala naota nimekaa jukwaani sina fidla," anasema. "Nikiamka natazama vidole kwanza, kabla ya saa."

Zamani mambo hayakuwa hivi. Aliingia okestra akiwa msichana aliyetoka chuoni juzi, akawekwa safu ya fidla za pili, zile zinazosindikiza za kwanza, jozi moja na Gedeon Pálinkó, kijana mrefu mwenye maneno machache na mzaha mwingi. Wapiga fidla hukaa wawili wawili, wakitazama karatasi moja ya noti. Ilka na Gedeon walikaa hivyo miaka kumi na kitu, mpaka wenzao wakawa wanawaita mke na mume, ingawa kila mmoja alikuwa na kwake.

Kisha kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kikaanza kujikunja.

Hakikuuma. Kilijikunja tu, kikajificha kiganjani kama konokono aliyeguswa, na mara nyingi ni pale alipokihitaji. Baadaye cha pete kikakifuata. Ilka akabuni njia za kuvikwepa: noti iliyopaswa kupigwa kwa kidole cha mwisho akaipiga kwa cha kati, akaruka huku na kule juu ya nyuzi kama mtu anayevuka matope kwa mawe.

Gedeon aliona. Hakusema kitu. Palipokuwa pagumu, alipiga kwa nguvu zaidi ili pengo la mwenzake lisisikike.

"Kwetu wanamuziki, mkono ukiharibika huuzungumzi," anasema Ilka. "Mtu atakuambia ameachika, atakuambia mwanawe yuko jela. Habari ya mkono hakuambii."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Yake yalimuumbua mbele ya ukumbi uliojaa. Okestra nzima ilinyamaza, kama muziki ulivyotaka, na katika ukimya ule kidole kikajikunja, kikavuta uzi. Sauti moja kali ikatoka, peke yake. Wapigaji wa viti vya mbele waligeuka. Kiongozi wa okestra wa wakati ule hakumtazama hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Ilka baridi.

Madaktari walimpima kila mahali. Mkono ni mzima, walimwambia. Ubongo ndio umechanganya vidole, hauvitofautishi tena. Wengine hupata nafuu, wengi hawapati. Kabla mwaka haujaisha, alifunga virago akarudi Makó kwa mama yake.

Bibi Rozália, mama yake, analima vitunguu nyuma ya nyumba kama nusu ya watu wa mji huu. Alimpokea kwa sahani ya supu ya samaki iliyokolea pilipili nyekundu, akamwambia: "Kula. Kulia utalia baadaye, supu inapoa."

Miaka miwili Ilka alifundisha bila kugusa fidla yake mwenyewe. Aliimba mifano, aliipiga kwa piano, aliwashika watoto vidole akaviweka mahali pake. Mpaka siku moja mtoto mmoja mdogo, aliyeshindwa kabisa kufuata, akamwomba: "Shangazi, simama uso kwa uso na mimi, ufanye upande wangu."

Ilka akaichukua fidla ya mtoto yule, akaigeuza, akaiweka bega la kulia. Upinde akautia mkono wa kushoto. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta. Lakini vidole vyake vya kulia vilikwenda juu ya nyuzi kimoja kimoja, na kidole cha mwisho hakikujikunja.

"Nilirudia mara nyingi mpaka mtoto akaniuliza kama naweza kumrudishia fidla yake," anasema, na hapa ndipo anapokaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ukingoni mwa kiti, tayari kuinuka.

Ndivyo alivyoanza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza, akijua fika jinsi jambo linavyopaswa kusikika na asiweze kulifanya. Alijifunza katika banda la vitunguu. Jirani alipita mara ya kwanza akauliza kwa upole kama paka ana shida. Mara ya pili hakuwa mpole.

"Mimi mwenyewe nilimwambia, mwanangu, kazi unayo, mshahara unao, unatafuta nini tena?" anakumbuka Bibi Rozália. "Akaniambia, Mama, sijui, lakini kuna kitu hakitulii. Nikasema nini hakitulii? Akajishika hapa kifuani."

Ugomvi mkubwa wa mama na binti ulikuja baadaye. Fidla ya shule aliyoiazima kujifunzia haikutosha tena, na fidla ya kawaida haigeuzwi kwa kubadilisha nyuzi tu. Ndani yake husimama kijiti chembamba ambacho mafundi wa Hungaria hukiita roho, na upande wa pili hugundishwa ubao mwembamba. Ili ipigwe kwa mkono mwingine, lazima ifunguliwe, roho ihamishwe, ubao ubanduliwe. Na fidla pekee nzuri aliyokuwa nayo Ilka ilikuwa ile aliyoipiga okestrani, ya marehemu baba yake, Ambrus.

"Unataka kumpasua baba yako kifua?" mama alimuuliza, kisu cha kukatia vitunguu mkononi.

"Mama, ni mbao."

"Kama ni mbao, kapasue kabati."

Hawakusemezana siku kadhaa. Mwishowe ni mama aliyekwenda kuitoa fidla juu ya kabati, akaifuta vumbi kwa aproni yake, akaiweka mezani kando ya mkate. "Yeye mwenyewe angekupa," alisema, "kisha angelalamika mpaka Krismasi."

Fundi wa fidla aliipokea, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Nikiifungua, bibi, haitarudi ilivyokuwa. Umelilalia jambo hili ukalifikiri?"

"Sijalala," Ilka alimjibu.

Ilirudi na sauti nyingine, nzito kidogo, ngeni kwake. Alihitaji mwaka mzima kuizoea. Na majira ya baridi yaliyopita, okestra yake ya zamani ilipotangaza nafasi katika fidla za pili, alipeleka jina lake.

Usaili wa okestra nyingi siku hizi hufanyika nyuma ya pazia, ili jopo lisimjue mpigaji. Wasailiwa huitwa kwa namba. Hata zulia hutandikwa ili viatu visimtaje mtu. Ilka alipita raundi ya kwanza, akapita ya pili. Kwa raundi ya mwisho pazia huondolewa, na wawili waliobaki hupiga wakionekana.

Pazia lilipovutwa, alikuwa ameshaweka fidla begani. Bega la kulia.

Kalamu ya mtu mmoja ilidondoka, ikabingirika, ikaachwa ibingirike. Kiongozi mpya wa okestra, Maestro Lőrinc Havasdi, aliinamisha kichwa kama mtu anayesoma kibao kilichopinda.

"Bibi, umeshika fidla kinyume."

"Ndiyo, Maestro. Huko nyuma ya pazia mlisikia kinyume?"

Mmoja akacheka, akajikohoza. Mwingine akasema safu ya fidla ni kama gwaride, pinde zote hupanda na kushuka upande mmoja, na wasikilizaji wana macho pia. Mwingine akauliza upinde wa huyu na wa jirani yake zitagongana mara ngapi kabla jicho la mtu halijatoka. Ilka alipiga alichotakiwa kupiga, akatoka nje kusubiri, akatembea koridoni mpaka mlinzi akamwomba akae, na hakukaa.

Katika jopo alikuwemo Gedeon, aliyechaguliwa na wanamuziki wenzake kuwawakilisha. Kura zililingana. Maestro akakata shauri: Ilka achukuliwe kwa majaribio kuanzia Septemba hadi Krismasi, akae kiti cha nyuma kabisa, upande wa ukutani, iwapo atapatikana mtu wa kukubali kukaa naye.

Gedeon ndiye aliyetoka kumpa habari. Ilka akamtazama, akajua alivyopiga kura.

"Ulinitambua?"

"Kabla hujapiga noti ya kwanza. Unavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi."

"Na ukaninyima kura."

"Pazia lilipokuwapo nilikupa. Lilipotoka nikakunyima."

"Kwa nini, Gedeon? Kwa sababu ya gwaride?"

"Gwaride nini! Miaka miwili nilipiga fidla mbili, Ilka. Yangu na yako. Nilikuwa nikienda nyumbani siwezi kuinua kijiko. Hata siku moja hukuniuliza, Gedeon, unachoka?"

"Nilikuja na hasira ya kujaza gari," anasema Ilka. "Alipomaliza, sikuona mahali pa kuiweka. Ilikuwa kweli. Nilijificha nyuma yake nikaita urafiki."

Alirudi Makó na nafasi isiyo nafasi. Siku zikapita, na hakuna mpiga fidla aliyekubali kukaa naye. Mmoja alihofia jicho lake, mwingine alisema angechanganyikiwa, mwingine hakujibu. Ilka alikuwa kama kuku anayetaka kutaga: aliingia jikoni akatoka, akaenda kituo cha treni bila safari, akarudi. Bibi Rozália akamkabidhi jembe. "Kama ni lazima utembee," alisema, "tembea na hili."

Alikuwa shambani Gedeon alipopiga simu.

"Nitakaa mimi," alisema, bila salamu.

"Wewe uliyeninyima kura?"

"Huyo huyo. Lakini sikiliza vizuri. Safari hii sikufichi. Ukikosea, nakuacha ukosee. Na kidole kikianza tena, naambiwa siku hiyo hiyo, si baada ya mwaka."

"Nakubali."

"Usikubali haraka hivyo. Fikiri."

"Gedeon, nina jembe mkononi. Nakubali."

Wiki iliyopita alikuja Makó na viti viwili vya kukunja garini. Waliviweka uani mwa Bibi Rozália, wakajaribu. Akikaa Ilka kulia, pinde ziligongana. Akikaa kushoto, pinde zilikwenda kila moja upande wake, lakini vichwa vya fidla vilikutana katikati kama mbuzi wawili.

"Sogea."

"Nimesogea. Sogea wewe, una miguu ya korongo."

"Nikisogea tena nitavuka mpaka niingie Romania."

Bibi Rozália alitoka na sinia la mikate midogo ya jibini, akawatazama. "Kila mtu awe na karatasi yake," alisema. Hawakumsikiliza. Mpiga fidla akipewa karatasi yake peke yake nyuma ya safu, ameshatengwa; wote wawili walilijua hilo. Walihangaika mpaka wakapata pembe ambayo kila mmoja aliona noti na hakuna aliyemchoma mwenzake, Gedeon akiwa ameketi upande upande kidogo. Ndipo wakapiga.

Katikati ya wimbo Ilka akaacha kupiga.

"Nini?" Gedeon aliuliza.

Zamani angesema uzi umelegea. Angesema ni jua. "Juzi kidole cha mwisho kilitetemeka," alimwambia. "Cha kulia. Kidogo tu. Inawezekana ni jembe, inawezekana si jembe."

Gedeon alishusha fidla yake gotini.

"Kinatetemeka sasa?"

"Hapana."

"Haya. Tuanze pale juu, polepole. Na jembe liache."

Daktari amemwona tangu siku ile na hajaona kitu, lakini hakumpa ahadi. Ilka anajua mkono huu nao unaweza kumkimbia. Kwa hiyo amepanga: Septemba atakwenda, siku za Jumamosi atarudi kuwafundisha watoto wake wa Makó, na Krismasi ikifika na wasimtake, atakuwa bado mwalimu. Wakimtaka, atahamia kwenye mji wa okestra, na mama amekwisha kusema atakwenda naye iwapo kuna mahali pa kupanda vitunguu.

Kengele imelia, watoto wamekwisha kutoka mbio, na yeye bado amesimama, upinde mkononi, akiutazama ule mkono wa kulia aliouzoesha kazi mpya.

"Watu wanadhani nataka kurudi nilikokuwa," anasema. "Sitaki. Kule nilikuwa mtu aliyefichwa. Mimi nataka kukaa kile kiti cha nyuma, nipige, na nikikosea, ukumbi mzima usikie kwamba aliyekosea ni Ilka."