Toleo Maalumu la Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipenda vitu kuliko watu, na nilimgundua mapema kuliko dada. Nilikaa kwao Same nikisoma sekondari, maana kushuka kutoka kwetu Chome, milimani, kila siku hakukuwezekana. Ilikuwa ile miaka ambayo foleni za sabuni na sukari zilikuwa zimekwisha, maduka yakajaa kila kitu, na watu wakabaki kuvitazama. Shamba la mkonge alikokuwa karani lilipopunguza wafanyakazi, alipewa kiinua mgongo, akanunua televisheni na deki, akatangaza kwamba anafungua ukumbi wa video.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha mbele, alichokuwa akishonea dada. Cherehani ikahamishiwa uani, chini ya bati, mahali ambapo upepo wa Same ulimwaga vumbi juu ya vitambaa vya wateja. Dada alishona magauni ya kipaimara akiwa amejifunga khanga puani. Mimi ndiye niliyelalamika, lakini nani anamsikiliza msichana wa sekondari anayelishwa?

Mwanzoni mambo yalikwenda. Wapiga debe wa stendi na wakata mkonge walikuja kuangalia karate, wakapiga mayowe, wakaenda zao. Kisha shemeji akasafiri kwenda Dar es Salaam kutafuta mikanda mipya. Akarudi na mmoja tu.

Ulikuwa ndani ya boksi jeusi, gumu, lenye picha ya dude la chuma linalong'aa kama sufuria mpya. Alilifungua mezani taratibu, kama mchungaji anayefungua Biblia ya madhabahuni. Ndani mlikuwa na mkanda, kijitabu cha maandishi ya Kijapani, picha zilizokatwa kama karata, na kiroboti cha plastiki ambacho mkono wake ulichomoka.

"Hili ni toleo maalumu," alisema. "Baharia aliyeniuzia ameniambia hata Japani kwenyewe watu wanagombania."

"Linahusu nini?" dada aliuliza.

"Maroboti makubwa kama mlima. Mtu anaingia kifuani anayaendesha, yanapigana vita."

"Kumbe ni katuni."

"Si katuni!" alifoka. "Ni filamu ya kuchorwa."

Mtoto wao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kutembea, alinyoosha mkono kukishika kile kiroboti. Akapigwa kofi la mkononi.

"Si cha kuchezea."

"Ni cha nini sasa, shemeji?" nikauliza.

"Cha kuhifadhi," alinijibu, akakiweka juu ya kabati, mbele ya picha ya harusi yao. Kila asubuhi alikifuta vumbi. Mtu mzima mwenye kitambi, anafuta makwapa ya mwanasesere, na mkewe uani anakohoa.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa. Shemeji alivaa koti. Alitoa hotuba kwanza, akisema Same haijawahi kuona kitu kama hiki, na katika hilo hakukosea. Alipowasha, picha ilikuja bila rangi, ikawa inapanda juu na kuanza tena chini, inapanda tena, kama mtu anayesinzia kwenye basi. Baadaye fundi wa Moshi alitueleza kwamba mikanda ya Japani hurekodiwa kwa mfumo wao, na deki yetu haikuujua. Siku ile shemeji alipiga televisheni makofi, kisha akasema ndivyo ilivyotengenezwa.

Maneno yalikuwa Kijapani kitupu. Basi akachukua fimbo, akasimama pembeni, akaanza kutafsiri lugha asiyoijua hata salamu yake.

"Huyu kijana anamwambia baba yake, nipe ruhusa niende vitani. Baba anasema, nenda."

Mkata mkonge mmoja, mtu wa Kigoma, alinyoosha mkono kwa adabu. "Samahani, bosi. Huyo mzee ameongea muda mrefu sana. Yote hayo ni 'nenda' tu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwingine akataka karate. Shemeji akagoma.

"Nyie mmezoea mateke tu! Hii ni sanaa, lakini nyie hamjastaarabika!"

Wakanyanyuka mmoja mmoja, wakitoka wanainua na kuangusha vichwa kuiga ile picha iliyokuwa ikipanda. Hawakurudi tena, hata kwa karate.

Nilibaki mlangoni. Yeye alikaa peke yake kwenye benchi la mbele, akaangalia hadi mwisho. Dude moja lilipiga magoti, likaanguka, na msichana akakikumbatia kile chuma akilia. Nikaona mabega ya shemeji yanatikisika. Alikuwa analia kweli, machozi mpaka kwenye kola. Mtu mwingine pengine angemhurumia. Mimi nilikumbuka tulipomzika baba yetu kule Chome, yeye alisimama kando ya kaburi akifuta matope kwenye kiatu.

Wiki hiyo akaibeba deki kwenda Moshi kwa fundi. Alipoondoka tu, dada aliniita.

"Shika upande ule."

Tukaiingiza cherehani chumba cha mbele. Mabenchi tukayatoa nje, jioni ile ile mama mmoja wa kanisani akayachukua. Shemeji aliporudi alisimama kizingitini, deki kifuani.

"Nani amegusa boksi langu?"

Hakuuliza habari ya mabenchi, wala mtoto aliyekuwa na homa mgongoni kwa mama yake.

"Boksi lako lipo kitandani," dada alisema bila kuinua kichwa. "Na nguo zako nimezifungasha, zipo hapo hapo. Mimi hapa nafanya kazi."

Alilala siku chache kwa rafiki yake, kisha akapanda kwao Mhezi, milimani, na boksi lake kwapani. Huko wakati ule hakukuwa na umeme hata wa kuwashia taa. Nasikia alikuwa akiwaonyesha wageni kile kijitabu, ukurasa kwa ukurasa, akiwatafsiria.