Siku Mama Alipopinda Katuni

Harufu ya vumbi linalopata moto nyuma ya televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, hainipiti hivihivi. Juzi niliinusa katika duka la mitumba pale Isipingo, nikasimama kama mtu aliyeitwa, nikasahau hata nilichofuata. Nilimkumbuka mama.

Tulikaa Greyville, mjini Durban, Afrika Kusini, chumba kimoja cha ghorofani. Kule kwetu Bukavu, Kongo, mama alikuwa mwalimu wa fizikia. Durban alisuka nywele kwenye kituo cha teksi. Wateja walimwita “sisi”, yaani dada kwa Kizulu, majirani wakamwita Mama Espoir, kwa jina langu. Televisheni ndiyo iliyokuwa mali yetu kubwa, na kila Jumamosi mimi na Rehema, mtoto wa majirani zetu Watanzania, tuliganda mbele yake tukitazama katuni.

Jumamosi moja mama aliokota spika mbovu ngazini, akaing’oa sumaku yake, akaisogeza kwenye kioo. Enyi ndugu zangu! Paka wa katuni alipinda kiuno, akageuka zambarau, kisha kijani. Nilipiga yowe.

“Debout!” mama akapiga makofi. “Somo inaanza.”

Rehema, mtoto aliyelelewa akaleleka, akasimama wima. “Shikamoo, mwalimu.”

Sidhani kama Durban kuna mtu aliyewahi kumwita mama hivyo. “Marahaba,” akaitika, akajinyoosha, na sauti iliyofuata sikuwa ninaijua.

“Mutazame bien. Zamani wenye akili walibishana: hii mionzi ya ndani ya chupa, kama hii ya televisheni, ni nuru, ao ni kitu? Wakaleta sumaku. Nuru ya taa haijali sumaku, lakini hii ikapinda! Basi iko kitu, kadogo kuliko vyote walivyojua, na iko na chaji. Ndiyo elektroni. Hamuione, lakini ndiyo inawachorea huyu paka.”

Maji ameshayavulia nguo, hakuwa na budi kuyaoga. Akapeleka sumaku juu, akaishusha, akaigeuza upande wa pili ili paka apindie kwingine, na wateja wake wakimngoja kule kituo cha teksi. Alipendeza mama siku ile, jamani. Mwishowe akauliza, “Iko swali?”

Nikainua mkono. Akanigeukia kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

“Mama, katuni itarudi saa ngapi?”

Alicheka sana, kisha akaondoa sumaku. Paka akarudia mwendo wake, ila pembeni mwa kioo pakabaki doa la zambarau. Mama akachukua mfuko wake wa nywele za kusukia, akateremka ngazi kwenda kazini.

Miaka mingi nilidhani alikuwa akitufundisha mimi na Rehema. Tulipokuwa tumeshamzika, nami nimeonja kuishi mbali na wangu, ndipo nilipoelewa kwamba mchana ule alikuwa amerudi Bukavu, mbele ya darasa lake. Na mimi ndiye niliyepiga kengele ya kumaliza somo.